Namba ya Chini Itatoka Wapi? Niliyojifunza Kuhusu Kuchagua Tawi la Epidemiolojia

Wanafunzi wa uzamili wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika watu, wanaokuja kuniona huwa wameshachagua ugonjwa. Mmoja anataka saratani kwa sababu iliwaondolea mzazi. Mwingine anataka UKIMWI kwa sababu kaka yake alipata kazi nzuri huko. Wa tatu amesoma habari za Ebola na hasikii la mtu. Nawaelewa. Nilipoacha kazi ya uafisa wa kliniki nikarudi darasani hapa Nairobi, nami nilikuwa nikisema kwa kifua mbele kwamba nataka magonjwa ya kuambukiza. Siku hizi mtu akishaketi na kunitajia ugonjwa wake, namuuliza swali moja kabla ya mengine yote: namba yako ya chini itatoka wapi?

Wengi hunikodolea macho, basi naeleza. Karibu kila hesabu yetu ina namba mbili: juu waliougua, chini waliokuwa katika hatari ya kuugua. Namba ya juu hujileta yenyewe. Mgonjwa hupanga foleni, hulazwa, huandikwa kitabuni. Ya chini haiji. Wasiougua wako Gikomba wanauza mitumba, wako ndani ya matatu, wako shambani Kitui, wala hawana habari kwamba unawahitaji. Lazima mtu awahesabu, na jinsi wanavyohesabiwa ndiyo inayoamua miaka yako miwili itapita vipi: kama utashinda ofisini au kwenye matope, na kama utakuwa ukibishana na faili, na mifugo au na wafiwa.

Mfano ninaoutumia ni wa hapa hapa jijini. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mtaa wa mabanda wa Kibera una watu milioni moja. Ikaandikwa kwenye ripoti, wageni wakaletwa kuiona, wafadhili wakachanga. Sensa ya 2009 ikapata takriban watu 170,000. Ubishi ulikuwa mkubwa, na wapo ambao hadi leo hawakubali. Sasa tuseme kipindupindu kimewapata watu 40 humo. Ukigawa kwa milioni moja, ni wagonjwa 4 kwa kila watu 100,000. Ukigawa kwa 170,000, ni zaidi ya 23. Wagonjwa ni wale wale na vyoo ni vile vile, ila ripoti ya kwanza itawekwa kabatini na ya pili itaitishiwa mkutano.

Nilipolielewa hilo, majina ya matawi kama yanavyoorodheshwa na vyuo yalipungua uzito machoni pangu. Nikaanza kuyapanga kwa chanzo cha namba ya chini.

Wengi huanzia hospitalini kwa sababu ndiko walikoajiriwa, na hakuna aibu katika hilo. Tasnifu yangu mwenyewe ilihusu watoto waliolazwa kwa nimonia katika hospitali moja ya umma. Shida ya hospitali kubwa ya rufaa, na hapa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo mfano wa kwanza, ni kwamba wagonjwa hutoka kila pembe ya nchi. Ukiwakuta wagonjwa 300 wa saratani ya umio kwenye rejesta, huwezi kusema ugonjwa huo umeenea kiasi gani, kwa kuwa hujui wametoka miongoni mwa watu wangapi. Aliyefika kutoka Turkana umemwona. Waliokosa nauli hawamo kwenye faili lolote.

Lakini geuza swali kidogo. Uliza: kati ya waliolazwa, nani anakufa na nani anapona? Kipimo kipi kinaugundua ugonjwa mapema? Hapo namba ya chini ni rejesta ya wodi, na unayo mkononi. Hii ndiyo epidemiolojia ya kitabibu, na kwa muuguzi asiye na ruzuku ya utafiti, mwenye watoto wawili na zamu za usiku, naona ni chaguo la busara kuliko anavyoambiwa na wenzake. Ajiandae tu kwa faili zenye mapengo: uzito haukuandikwa, umri umeandikwa "mtu mzima", tarehe ya kutoka iko kabla ya tarehe ya kuingia. Mtu aliyeniokoa katika tasnifu yangu alikuwa mzee wa stoo ya faili. "Daktari," alikuwa akiniambia, "hiyo haijapotea, imelala na za mwaka mwingine." Nami kweli nilikuwa nikiikuta huko. Jina lake liko kwenye ukurasa wangu wa shukrani, juu ya maprofesa.

Majaribio ya dawa na chanjo ni jambo jingine, maana huko namba ya chini unaiunda mwenyewe kwa kuwaandikisha watu mmoja mmoja. Utafiti wa KEN SHE uliandikisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu, na matokeo yaliyotoka 2022 yakaonyesha kwamba dozi moja tu ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ilizuia maambukizi mapya ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Ni hesabu safi kabisa. Ni ghali pia. Mwanafunzi wa uzamili hawezi kuendesha kitu kama hicho, ila anaweza kuomba kipande cha data ndani yake, na msimamizi mwenye roho nzuri atamkatia.

Nilikojifunza zaidi ni Korogocho. Kituo cha utafiti cha APHRC kilianza kufuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya hapa jijini, mwanzoni mwa miaka ya 2000: kila kaya ilisajiliwa, kisha ikatembelewa tena na tena kuulizwa nani kazaliwa, nani kahamia, nani kahama, nani kafariki. Mimi sikuwa katika mfumo huo. Nilikuwa nikisimamia wakusanyaji data wa mradi mdogo uliopita humo humo, tukitembea njia zile zile ng'ambo ya jalala la Dandora, na ndipo nilipoona gharama ya kuipata namba ya chini iliyo ya kweli.

Gharama kubwa ni kuhama. Korogocho kuna familia zilizokaa muda mrefu, lakini Viwandani wengi ni vijana wanaofuata vibarua vya Eneo la Viwanda. Ukibisha mlango saa nne asubuhi unakuta kufuli. Ukirudi mwezi ujao, kufuli ni jipya na mpangaji ni mwingine. Kwa hiyo hatukuwa tukihesabu watu, tulikuwa tukihesabu muda wa watu: aliyehama mwishoni mwa Juni amekuchangia nusu mwaka, aliyezaliwa Oktoba amekuchangia miezi michache. Darasani nilijibu swali la namna hiyo kwenye mtihani nikapata alama zote, lakini maana yake niliijulia mlangoni pa watu. Kila mpangaji aliyeondoka bila kuandikwa aliendelea kukaa kwenye kompyuta yetu akiwa mzima, hafi, haugui, akiufanya mtaa uonekane na afya kuliko ulivyo.

Gharama ya pili haina fomu. Watu wengi hufia nyumbani bila daktari kusema kilichowaua, kwa hiyo hutumika mahojiano ya chanzo cha kifo. Unaketi na aliyemuuguza marehemu na kuuliza. Alikohoa kwa muda gani? Macho yaligeuka manjano? Alipungua mwili? Baadaye majibu hupitiwa na madaktari au na programu ya kompyuta ili kukadiria chanzo. Bibi mmoja alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akajibu yote hadi mwisho. Kisha akaniambia: "Mwanangu, mwaka jana mlikuja mkauliza nani amekufa, nikawaambia. Mwaka huu mmekuja mkauliza nani amekufa, nimewaambia. Hamjawahi kuuliza nani ana njaa."

Sikuwa na jibu, na fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo. Tulichokifanya baadaye ni kupeleka matokeo barazani kwa Kiswahili, chifu akiwepo, na kukubali kuulizwa maswali mpaka jua lizame. Haikumshibisha mtu. Ila milango ilifunguka kwa wepesi zaidi raundi iliyofuata, na vijana wangu wakaacha kurudi na kaya zilizoandikwa "hawapo" hali wenyewe walikuwa ndani. Mwanafunzi akiniambia anataka epidemiolojia ya jamii, namuuliza kama anaweza kukaa kwenye kiti cha yule bibi bila kuangalia saa. Wako wanaoweza. Wako pia wenye akili nyingi sana za takwimu ambao hawawezi, na ni heri walijue mapema.

Milipuko ndiyo inayovuta vijana. Kenya imekuwa na mpango wa kufunza wanaepidemiolojia wa nyanjani tangu 2004, na mwaka huo huo ndio ulioleta mkasa wa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi, ukambani: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Naupenda mfano huo kwa jinsi watafiti walivyoikwepa namba ya chini. Badala ya kumhesabu kila mtu wa vijiji vile, walichukua wagonjwa 40 na wakazi 80 wasiougua wa vijiji hivyo hivyo, wakalinganisha mahindi yao. Wale 80 waliwakilisha kijiji kizima. Ikaonekana kwamba waliougua ndio hasa waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Katika mlipuko mdogo ni rahisi zaidi: watu wakiharishwa na chakula cha harusi, namba ya chini ni waliokula, na kamati ya harusi ina orodha. Tawi hili lina matokeo ya haraka na simu za usiku wa manane. Aliye na subira ndogo hufanya vizuri hapa. Mwenye kupenda kusoma makala moja mara tano atateseka.

Wanyama, je? Wanafunzi wa tiba ya binadamu hulidharau tawi hili, na mimi naona wanakosa uhondo. Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwenye kondoo karibu na Naivasha mwaka wa 1931, na bado inatusumbua. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulianzia Garissa baada ya mvua kubwa, na picha za setilaiti zilikuwa zimetoa onyo kabla ya wagonjwa wa kwanza kuonekana. Namba ya chini hapo ni mifugo inayotembea, na wafugaji wengi hawapendi kutaja hadharani idadi ya ng'ombe wao. Utazunguka hilo swali kwa chai nyingi.

Mbwa nao wana hesabu yao. Mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa unataka kazi iishe ifikapo 2030, na kipimo kinachokubalika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Asilimia 70 ya wangapi? Hakuna sensa ya mbwa. Kwa hiyo unachanja, unamtia kila aliyechanjwa alama ya rangi, kisha kesho yake alfajiri unatembea mtaani ukihesabu. Ukichanja 120 na kesho ukaona mbwa 50, 30 kati yao wakiwa na rangi, basi umefikia asilimia 60, na mtaa una mbwa kama 200. Hesabu hiyo inatosha kwenye kiganja cha mkono, na imewahi kumfanya mwanafunzi wangu wa famasia abadili tawi papo hapo.

Wanaofuatilia virusi vya UKIMWI walishalipia somo la namba ya chini. Makadirio ya zamani yalitegemea wajawazito waliopimwa kliniki, na wajawazito si watu wote. Utafiti wa kaya wa 2003 ulipopima wanaume kwa wanawake, ukapata asilimia 6.7, chini ya kilichodhaniwa. Ule wa 2018 ukapata 4.9 kwa wenye miaka 15 hadi 64. Swali gumu lililobaki ni la watu wanaojificha kwa kuogopa sheria au majirani, kama wanaouza ngono, ambao hakuna karani wa sensa atakayewaandika kwa kazi yao. Kuwakadiria ni taaluma peke yake. Lakini kwanza uwe mtu wanayemwamini.

Janga la korona lilipoingia Machi 2020, kila aliyejua modeli, yaani hesabu za kukisia ugonjwa utakavyoenea, alipata jukwaa. Sina neno baya juu ya modeli, ila nyingi hukalia namba za chini zilizohesabiwa na wengine. Kazi iliyonifurahisha wakati ule ni ya watafiti wa mpango wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust kule Kilifi waliopima kingamwili katika damu iliyochangwa kati ya Aprili na Juni. Wakakadiria kwamba asilimia 4.3 ya Wakenya walikuwa wameshaambukizwa, ilhali waliothibitishwa kwa vipimo walikuwa maelfu machache tu. Wachangiaji damu hawafanani na taifa zima, kwa hiyo walirekebisha kwa umri, jinsia na eneo. Hawakusubiri namba kamili. Walitumia iliyokuwepo na kusema wazi ina kasoro gani.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi, ushauri ulikuwa ufuate ugonjwa wenye wafadhili. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na watu ninaowajua hapa jijini, wenye shahada na uzoefu, walifungasha vitu vyao ofisini ndani ya wiki. Mpango wa tafiti za idadi ya watu na afya, uliosaidia kutupa takwimu za 2022, nao ukasitishwa. Walioajiriwa upya haraka ni wale waliojua kusafisha data chafu, kuandika programu za takwimu kwa R au Stata na kueleza sampuli kwa mtu asiye mtaalamu. Ugonjwa waliokuwa wakiufanyia kazi haukuulizwa sana.

Vibali sitavirefusha: kamati ya maadili, leseni ya Nacosti (tume ya taifa ya sayansi), ruhusa ya kaunti, kisha chifu. Viombe mapema, na usome Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla hujaweka majina ya wagonjwa kwenye simu yako.

Saratani nimeiacha nyuma makusudi. Ndiyo inayoombwa zaidi sasa, na rejesta ya saratani ya Nairobi iko, inayokusanya wagonjwa kutoka hospitali na maabara za jiji. Namba ya chini ni ya sensa: wakazi 4,397,073 mwaka wa 2019. Inaonekana rahisi mpaka ufungue faili. Mama wa Kitui aliyekuja kutibiwa anakaa kwa bintiye Kayole, na akiulizwa makazi anajibu Kayole. Ukimwandika mkazi, umeiongezea Nairobi mgonjwa asiye wake na kuipunguzia Kitui. Wanaotunza rejesta hutumia muda mwingi kuulizia jambo hilo moja.

Mwaka huu nina mwanafunzi, muuguzi wa kituo cha afya cha mashariki mwa jiji, aliyekuja akitaka kupima ukubwa wa saratani ya mlango wa kizazi Nairobi nzima. Tulikaa na swali lake jioni nzima. Akaondoka na dogo zaidi: kati ya wanawake waliopimwa kwa siki (hupakwa mlango wa kizazi ili kasoro zionekane) kituoni kwake na kukutwa na dalili za awali, wangapi walipata matibabu, na waliokosa walikwama wapi? Rejesta anaijua, ameijaza kwa mkono wake. Kamati ya maadili imemrudishia pendekezo ikimtaka aeleze atawapataje waliohama, akanipigia simu akiwa amevunjika moyo. Nikamwambia hilo ndilo swali zuri kuliko yote waliyomuuliza, na kwamba ashirikiane na wahudumu wa afya ya jamii, kwa njia ambayo haitamfichulia mtu yeyote ugonjwa wa mwenzake.

"Na wahudumu wasipojua?"

Atapiga simu kwanza, nikamwambia, kwa namba aliyoacha mwanamke mwenyewe na kwa ridhaa aliyoitoa siku ya kupimwa. Ikishindikana, amwandike kuwa hajulikani alipo, asimhesabu kama aliyetibiwa wala kama aliyekosa, na aonyeshe kwenye jedwali ni wangapi wa namna hiyo. Akaniuliza kama hilo halitaifanya tasnifu ionekane dhaifu. Nikamwambia aandike sura ya mbinu kwanza, anitumie Ijumaa, tulibishanie hilo jedwali.